Disketi ya Nne

Kabla sijagusa kompyuta nilikuwa mtu wa baiskeli. Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya bonde la Kilombero, kuuliza nani amezaliwa, nani amehama, nani anaumwa, na kuandika majibu kwenye fomu za ofisi moja ya utafiti wa afya pale Ifakara. Siku za chanjo nilikaa mezani na wauguzi nikijaza kadi za watoto. Masika mimi ndiye niliyeibeba baiskeli, si yenyewe kunibeba. Mara moja nilianguka nayo kwenye jaruba la mpunga mbele ya akina mama waliokuwa wakipalilia. Nikainuka na tope mpaka kwenye nyusi, fomu zote zikiwa kavu ndani ya mfuko wa plastiki, nami nikawasalimia na kuuliza kama kuna aliyejifungua. Walicheka mpaka wakaacha majembe.

Kwa hiyo siku niliyoingizwa kwenye chumba cha kompyuta kuhamishia zile fomu kwenye mashine, nilihisi nimeingia peponi kwa mlango wa nyuma. Kile chumba kilikuwa na kiyoyozi! Ifakara, mwezi wa kumi na moja, jua limekaa juu ya bati kama lina haki nalo, halafu wewe umeketi unasikia baridi. Ofisi nzima ilikuwa na visingizio vya kuja kwetu. Huyu anatafuta kalamu, yule anauliza leo tarehe ngapi, dereva anakuja kusalimia kwa mara ya nne. Viatu vilivuliwa mlangoni, hiyo ilikuwa sheria, na kila kompyuta ilikuwa na kifuniko cha kitenge kilichoshonwa na fundi wa mtaani kwetu Lipangalala. Zilikuwa kumi na mbili. Nilizipenda zote, hata ile ya saba iliyokuwa ikinguruma.

Nilichokipenda kupita vyote ni kipanya. Unakishika, unakisukuma, na kule kwenye skrini mshale unakwenda unakotaka wewe. Picha ya faili, picha ya folda, kitufe cha kubonyeza, kila kitu kinaonekana kwa macho. Ukikosea, kidirisha kinafunguka na kukuuliza kwa upole kama kweli una hakika. Mimi katika maisha yangu sikuwa nimeulizwa na mtu kwa upole namna ile. Pumba za mashine ya kukoboa mpunga ya jirani ziliingia mpaka kwenye kile kimpira kilicho tumboni mwa kipanya, nami kila asubuhi nilikitoa, nikakisafisha kwa spiriti na ukucha, nikakirudisha kwa furaha ya mtu anayeogesha mtoto.

Mwenzangu wa chumba, naye akiwa ametolewa kwenye baiskeli za vijijini, hakukigusa kipanya hata siku moja. Alikuwa Mndamba, mtu mzima mwenye miaka arobaini na ushee, aliyejifunza kupiga mashine ya chapa akiwa kambi ya JKT Chita enzi za ujana wake, kwa vidole kumi, bila kuangalia. Kompyuta kwake ilikuwa ni ile skrini nyeusi yenye mstari mmoja unaopepesa ukisubiri amri. Anaandika maneno mawili matatu yasiyoeleweka, anagonga kitufe, mashine inatii. Mimi Mpogoro wa kutoka mlimani, mtani wake, sikuweza kuliacha hilo lipite.

"Kaka, unaongea gizani na vitu usivyoviona. Nyumbani kwetu mtu wa hivyo tunampelekea kuku mweusi."

"Na wewe dada unaionyesha mashine kidole, kama mtoto mbele ya duka la pipi," alijibu bila kugeuza shingo. "Kipanya ni cha mtu asiyejua anachotaka."

Tuliishi hivyo mwaka na zaidi, tukitupiana maneno tangu kuvua viatu hadi kuvivaa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kila mwenye kompyuta alikuwa ameambiwa kwamba ikifika elfu mbili mashine zitachanganyikiwa na kudhani zimerudi elfu moja mia tisa. Kwetu hilo halikuwa jambo la magazetini tu. Kazi yetu yote ilikuwa umri wa watu. Mtoto wa kijiji cha Kisawasawa mwenye miaka miwili angehesabika kuwa bado miaka tisini na minane azaliwe. Dawa yake ilikuwa viraka. Kiraka ni kipande cha programu ambacho waliotengeneza mfumo endeshi wanakutumia baadaye, kuziba tundu waliloliacha wenyewe, sawa na fundi cherehani anayekuita urudishe suruali aliyokwisha kukuuzia. Viraka vyetu vilikuja kwa basi kutoka Dar ndani ya bahasha ya kaki: disketi saba, seti moja tu.

Mkuu wetu alikuwa mama wa makamo tuliyemwita Daktari, mkali, mwenye sauti ya chini. Alituita Jumatatu.

"Nakwenda Dar, narudi Ijumaa mchana," alisema. "Nikirudi, kompyuta zote kumi na mbili ziwe na viraka. Gawaneni sita sita, kila mtu kwa njia yake, huyu kwa kipanya chake na huyu kwa amri zake. Kuanzia mwezi ujao nina nafasi moja ya mwangalizi wa kompyuta, ya kudumu. Moja. Mwingine atarudi vijijini na baiskeli."

Nilitoka pale miguu haigusi chini. Ile kazi niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, kuliko hata nilivyowahi kumtaka mwanamume mmoja ambaye si wa kusimuliwa hapa. Jioni nikamwambia mama kwamba huenda nikapata. Kosa langu. Mama yangu hana sikio la neno "huenda". Kesho yake asubuhi muuza maandazi alinipa hongera, mwenye duka akanipa hongera, na mzee mmoja ambaye nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake aliitikia shikamoo yangu kwa kusema, "Marahaba, bosi."

Basi lenye bahasha lilifika Jumatano jioni, Alhamisi tukaanza. Mwenzangu aliomba disketi kwanza. Akazinakili zote saba ndani ya kompyuta yake ya kwanza, akanirudishia. Kumbe kompyuta zote zilikuwa zimeungwa kwa waya mweusi uliopita chini ya ukuta, naye alijua kuvitoa viraka kwenye mashine moja na kuvipitisha humo hadi mashine nyingine kwa amri. Mimi waya ule niliujua kwa kujikwaa. Alianza kompyuta ya kwanza, akaimaliza, akaenda ya pili, taratibu, anaandika, anasubiri, anasoma, anakuna kidevu.

Nilimwonea huruma. Mimi nilikuwa na mpango, na mpango wenyewe niliutoa kwenye meza ya chanjo. Siku ya chanjo, kichupa kikishafunguliwa hakirudi kwenye boksi la barafu. Kinapita mstari mzima, mtoto baada ya mtoto, mpaka kiishe, ndipo unafungua kingine. Humalizi mtoto mmoja chanjo zake zote huku wengine arobaini wanalia. Basi nami nikazipanga kompyuta zangu sita mstari mmoja, nikazikatia kadi za kliniki kutoka kwenye makaratasi magumu, kila moja na namba yake, na nafasi saba za dozi. Nikaziwasha zote. Disketi ya kwanza nikaipitisha kwa zote sita: ingiza, bonyeza neksti, subiri, toa, andika kwenye kadi, nenda ya jirani. Kisha ya pili kwa zote. Kwenye kidirisha majina ya faili yalikuwa yakipita moja moja wakati wa kubadilishwa, nami nikawa nayaandika yote nyuma ya kadi, kwa sababu mtu aliyefundishwa kuandika kila kitu hawezi kuacha.

Lo, raha niliyokuwa nayo! Nilikuwa nakimbia pekupeku kwenye sakafu ya baridi kutoka mashine hadi mashine, disketi mkononi, naimba. Vidirisha sita vimefunguka, mistari sita ya buluu inajaa kwa zamu. Watu wa uhasibu walikuja kuchungulia. Saa tano kasoro mimi nilikuwa naingiza disketi ya nne kwenye kompyuta ya sita. Yeye alikuwa amemaliza mbili na yuko katikati ya tatu.

"Kaka, usijali," nilimwambia. "Nikipata kazi nitakuruhusu uje kupata baridi."

Umeme ukakatika.

Kiyoyozi kilishusha pumzi kikanyamaza. Skrini zote zikawa nyeusi. Betri za kuhifadhi umeme zilikuwa zimekufa tangu masika ya mwaka ule, na jenereta lilikuwa halina dizeli. Tulikaa kwenye viti, jasho likaanza kututoka, na mimi bado nilikuwa nacheka, kwa sababu sikuwa nimeelewa.

Umeme ulirudi saa nane mchana. Niliwasha ya kwanza. Ilionyesha maandishi meupe mawili matatu, ikasimama. Niliwasha ya pili, ikasimama. Ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita. Hakuna picha, hakuna mshale, hakuna kidirisha cha upole. Nilisukuma kipanya huku na huku juu ya meza kama mpumbavu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Zote sita zilikuwa zimebadilishwa nusu: faili mpya za disketi tatu au nne, zimekaa na faili za zamani, hazielewani. Mwenzangu alikuwa na mashine mbili zilizopona, moja mgonjwa, na tatu ambazo hazikuwa zimeguswa. Mimi kwa akili zangu nilikuwa nimewapa watoto wote dozi nusu kwa siku moja.

Alicheka. Niseme ukweli, alicheka mpaka akavua miwani. "Mpogoro," alisema, "umeua kijiji kizima kwa foleni!" Nikacheka na mimi, na katikati ya kucheka nikaanza kulia, vyote pamoja, nikashindwa kuvitenganisha. Nilimwona muuza maandazi. Niliiona baiskeli.

Mwenzangu akavaa miwani yake.

"Haya, utani baadaye," alisema. "Lete hizo kadi."

Akavuta kiti mbele ya kompyuta yangu ya kwanza, akaibonyeza kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, na ile skrini nyeusi ikaja, na mstari wake unaopepesa. Picha zilikuwa zimekufa, lakini chini yake kulikuwa na mtu anayesikia! Sikuwa nikijua kwamba mle ndani mnaishi kitu ambacho hakihitaji picha. Akageuza kadi, akasoma orodha yangu ya majina, kisha akaniangalia.

"Uliyaandika yote?"

"Yote."

"Mimi ya kwangu sikuandika hata moja," alisema. "Sijui hata ilikatikia wapi."

Dawa ikawa hivi. Zile mashine zake tatu ambazo hazikuguswa zilikuwa na faili za zamani, nzima. Mimi nasoma kwenye kadi jina la faili iliyobadilishwa, yeye anaandika amri ya kuichota ya zamani kutoka mashine nzima na kuirudisha kwa mgonjwa. Jina, amri, kitufe. Jina, amri, kitufe. Mpaka mashine inarudi ilivyokuwa asubuhi, ndipo inapewa viraka upya, safari hii vyote saba mfululizo. Ya kwanza ilipoamka na picha zake zote, nilipiga kelele mlinzi akaja na rungu.

Kwenye mashine ya pili alisimama, akanionyesha kiti. "Kaa."

"Mimi?"

"Kwani mimi nina vidole vya serikali? Kaa, nikutajie majina wewe uandike."

Nikaandika kwa kidole kimoja, nikitafuta herufi kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani. Nikagonga kitufe. Mashine ikajibu kwa mstari mmoja tu: faili moja imenakiliwa. Haikunisifu, haikuniuliza kama nina hakika. Ilifanya nilichosema. Mwili mzima ulinisisimka. Nikaandika nyingine, na nyingine, na baada ya hapo mwenzangu alikuwa akinibembeleza nipumzike na mimi sitaki. Akaniandikia pia amri zote kwenye faili moja, zikimbie zenyewe moja baada ya moja, akaniachia mimi niianzishe. Nilicheka peke yangu nikiitazama. Tuliondoka saa ya kufunga ofisi tukiwa tumefufua tatu, Ijumaa tukafungua mlango saa kumi na mbili asubuhi. Mgonjwa wake mmoja asiye na kadi alitusumbua kuliko wangu wote sita, nami sikukosa kumwambia. Saa tano na nusu mashine zote kumi na mbili zilikuwa nzima, zina viraka vyote. Nilizikatia kadi na zile zake, nikajaza dozi, nikaandika chini ya kila moja "Amemaliza" na kutia saini yangu, kwa sababu kadi ya kliniki hutiwa saini na aliyeijaza.

Daktari aliingia mchana, pekupeku kama sisi, vumbi la safari bado kichwani.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Mmefikia wapi?"

Kabla hatujajibu alikuwa amezishika kadi. Alizisoma zote kumi na mbili, polepole. Amri haziachi alama mahali. Kilichoandikwa mle chumbani kilikuwa mkono wangu tu.

"Saini hizi ni zako zote?"

"Ndiyo, Daktari."

"Na zote zinafanya kazi?"

"Zote."

"Basi naona nimempata mwangalizi wangu," alisema. "Hongera."

Nilimtazama mwenzangu. Alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Alikuwa na mdomo wa kunitania siku nzima, na ule wa kujisemea hakuwa nao. Angenyamaza. Nilijua kabisa angenyamaza, angerudi kwenye baiskeli na magoti yake ya miaka arobaini na ushee.

Katika kazi yetu ya vijijini kulikuwa na dhambi moja iliyopita zote, kupika fomu. Mtu anakaa kilabuni kwenye kivuli, anajaza nyumba hamsini bila kubisha hodi hata moja. Mwandiko mzuri, kila kisanduku kimejaa, hakuna ukweli. Mimi sikuwahi kupika hata fomu moja, na nilijisifia hilo mpaka watu wakachoka kunisikia. Sasa nilikuwa nimesimama kwenye baridi nzuri, kadi kumi na mbili safi zikisema jambo ambalo halikutokea.

"Daktari," nilisema, "sita kati ya hizo niliziua mimi."

Halafu sikuweza kujizuia. Nilimweleza foleni, disketi ya nne, umeme, jinsi nilivyosukuma kipanya mezani kama kichaa, jinsi huyu kaka alivyozifufua kwa amri, jinsi alivyonikalisha kwenye kiti akanifundisha wakati angeweza kukaa pembeni akasubiri nifukuzwe. Nilisema haraka haraka, kichwa kikiwa chepesi kwa furaha ambayo hata sasa siwezi kuieleza. Nikafika mbali. Nikakiri kwamba mwezi uliopita nilikula wali maharage mle chumbani na punje mbili zikaingia kwenye kibodi ya kompyuta ya saba.

"Umemaliza?" aliuliza Daktari.

"Nadhani."

Alizipanga kadi vizuri, akanirudishia. "Nafasi ni ya kaka yako. Kadi ni zako. Kabla hujachukua baiskeli, mfundishe kuziandika."

Mwenzangu alisema asante kwa sauti ndogo. Kisha akaenda kukaa, akatafuta kalamu.

Nilitembea mpaka Lipangalala nikicheka na kusita. Kulia kwangu kulikuwa kumeisha, kilichobaki ni mama. Nilimkuta uani kati ya majirani watano, sufuria jikoni, mchele umeshachambuliwa, kuku amekwisha kunyonyolewa. Nikamvuta pembeni nikamwambia yote.

Alisikiliza akijifuta mikono kwenye khanga.

"Huyo mwenzako anajua kuliko wewe?"

"Anajua, mama."

"Ungeniambia umeipata, ningejuaje mimi?"

"Usingejua. Ningejua mimi."

Alimaliza kujifuta mikono. Kisha akageuka, akawaita majirani kwa ile sauti yake inayofika barabarani. "Jamani, sogeeni! Mwanangu kaikosa kazi!"

"Mama!"

"Nini? Wageni nimewaita, kuku nimechinja. Ulitaka nimsherehekee mtoto wa mwingine?" Akanishika bega, akanisukuma kwenye mkeka, akanipakulia wa kwanza.